Dakika makumi tano angani: hesabu ya safari ya mgonjwa kati ya Kolwezi na Lubumbashi



Kila mara mgonjwa anapopelekwa kwa ndege, jamaa wananiuliza swali moja: «Munganga, ndege inakamata dakika ngapi?» Swali ni zuri. Lakini jibu tulilozoea kutoa si zuri. Tunataja dakika za angani tu, na jamaa wanarudi nyumbani wakifikiri kwamba mgonjwa atafika baada ya dakika hizo. Mimi mwenyewe nilitoa jibu la namna hiyo siku moja, na mtu karibu apoteze mguu wake.

Leo tutajifunza mambo matatu: namna ya kuhesabu umbali na wakati wa ndege kati ya Kolwezi na Lubumbashi, namna ya kuhesabu safari nzima, mlango kwa mlango, na namna ya kumtayarisha mgonjwa kabla hajapanda. Soma polepole, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni.

1. KILOMETA NGAPI?

Kwenye tikiti mtaona herufi tatu-tatu. FBM ni kiwanja cha Lubumbashi, kinachoitwa Luano. KWZ ni kiwanja cha Kolwezi. Ukichukua karta na kupiga mstari ulionyooka kutoka kiwanja kimoja mpaka kingine, utapata karibu kilometa 240.

Kwa barabara ni mbali zaidi: karibu kilometa 300. Juu ya nini? Kwa sababu barabara haiendi moja kwa moja. Kutoka Lubumbashi inapanda kwanza upande wa kaskazini-magharibi mpaka Likasi, kilometa 120 hivi. Baadaye inageuka kwenda upande wa magharibi, inapita Fungurume, ndipo inafika Kolwezi. Barabara inafuata miji, machimbo na vilima. Ndege haina kilima cha kuzunguka.

Piloti hahesabu kwa kilometa kama dereva. Anahesabu kwa maili za bahari. Maili moja ya bahari ni kilometa moja na meta 852. Kwa hiyo kilometa zetu 240 ni karibu maili 130. Ukisikia piloti anasema «mia na makumi tatu», usifikiri kwamba safari imekuwa fupi. Njia ni ile ile, kipimo tu ndicho kimebadilika.

2. DAKIKA NGAPI?

Hesabu ni ile ya shuleni: gawanya umbali kwa mwendo. Ndege ndogo ya elisi inayokwenda kilometa 300 kwa saa itakata kilometa 240 kwa dakika 48.

Lakini ndege haianzi na mwendo ule, wala haimalizi nao. Inatembea kwanza chini mpaka mwanzo wa njia ya kurukia. Ikiruka, inapanda polepole. Ikikaribia mji, inapunguza mwendo, inazunguka ili kujipanga na njia ya kutua. Ongeza basi dakika 10 hivi. Ndiyo sababu ndege kubwa inayoweza kwenda kilometa 800 kwa saa haikati safari hii kwa dakika 18, kama hesabu inavyotaka. Kabla haijafika kwenye mwendo wake mkubwa, inapaswa kuanza kushuka.

Upepo nao una sauti. Wakati wa kiangazi, kwetu upepo unatoka mara nyingi upande wa mashariki na kusini-mashariki. Tuseme ni upepo wa kilometa 40 kwa saa. Ndege inayotoka Kolwezi kwenda Lubumbashi inapigana nao: mwendo wake juu ya ardhi unabaki kilometa 260 kwa saa, na dakika 48 zinakuwa 55. Ikirudi Kolwezi, upepo unaisukuma: kilometa 340 kwa saa, dakika 42. Njia ni moja, ndege ni moja, lakini kuenda na kurudi si sawa.

Jambo lingine la kukumbuka ni saa ya ukutani. Lubumbashi na Kolwezi zina saa moja. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Ukipeleka mgonjwa Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500, saa ya huko itakuonyesha kwamba ndege imekimbia sana. Ukirudi, itakuonyesha kwamba imechelewa. Ni saa tu iliyobadilika. Mgonjwa anayekunywa dawa kila baada ya masaa nane ahesabu masaa nane ya kweli, asifuate saa ya ukutani.

3. SIKU ILE NILIPOSEMA «DAKIKA MAKUMI TANO»

Sitataja kazi wala hospitali. Ilikuwa mwezi wa pili, katikati ya mvua. Mfanyakazi mmoja, baba wa watoto wanne, aliangukiwa na jiwe saa 8.30 asubuhi. Mfupa wa mguu ulivunjika chini ya goti. Tulimsafisha, tukamnyoosha, tukamfunga platri, ile plasta nyeupe ngumu, kutoka paja mpaka vidole. Munganga mkubwa akaamua apelekwe Lubumbashi kwa upasuaji. Ndege ndogo ilikuwa inangojewa saa sita mchana.

Bibi yake akaniuliza: «Munganga, watafika saa ngapi?»

Nikamjibu: «Mama, usiogope. Ni dakika makumi tano tu.»

Hii ndiyo saa ya kila jambo, kama nilivyoiandika kwenye fishi ya mgonjwa:

Saa 11.00: tunatoka hospitali kwa ambilansi.
Saa 11.30: tunafika kiwanjani. Ndege haipo. Mvua ya radi imefunga Lubumbashi, ndege imezuiwa kuondoka kule.
Saa 14.20: ndege inatua. Tumengojea dakika 170.
Saa 15.00: baada ya kushusha mizigo, kutoa kiti kimoja na kufunga machela, tunaruka.
Saa 15.55: tunatua Luano.
Saa 16.45: baada ya kungojea ambilansi na kupita katikati ya mji, mgonjwa anaingia hospitali.

Jumlisha. Kutoka saa 11.00 mpaka saa 16.45 ni dakika 345, karibu masaa sita. Angani tulikaa dakika 55. Ni sehemu moja tu juu ya sita! Sehemu tano zilizobaki zilipotea chini, katika kungojea, kupakia na kushusha. Siku ile, motokari nzuri kwenye barabara ya lami, kwa mwendo wa kati wa kilometa 60 kwa saa, ingefika baada ya masaa matano.

Lakini kuchelewa peke yake si kosa langu. Mvua haina mkubwa. Kosa langu ni hili. Kiwanjani, karibu saa 13, bibi yake aligusa vidole vya mguu vilivyotokeza kwenye platri. Akaniambia: «Munganga, vidole ni vya baridi. Na yeye anasema maumivu yanazidi, hayapungui.» Nilitazama saa. Nilifikiri: ndege iko karibu, na safari ni dakika makumi tano, wataangalia kule. Nikamwambia angojee kidogo.

Tulipofika, vidole vilikuwa vya rangi ya majivu, na mgonjwa hakuweza kuvijongeza. Munganga wa zamu hakuuliza hata jina. Alichukua msumeno, akapasua platri kutoka juu mpaka chini, na jioni ile ile wakampasua mguu ili damu ipite. Mguu ulipona. Lakini alikaa hospitali miezi mingi, na unyayo ukabaki dhaifu. Hakurudi tena kwenye shimo. Leo anafanya kazi ya magazini. Tukikutana ananisalimia vizuri, na bibi yake pia. Mimi ndimi ninayekumbuka kwamba yule mama aliona kabla yangu, na kwamba nilitazama saa badala ya kutazama mguu.

4. HESABU YA MLANGO KWA MLANGO

Tangu siku ile sisemi tena «ndege inakamata dakika kadha». Ninahesabu pamoja na jamaa, kwa karatasi, vipande sita:

(a) Kutoka kitanda cha hospitali mpaka kiwanja.
(b) Kungojea ndege.
(c) Kupakia na kufunga machela.
(d) Kuruka mpaka kutua.
(e) Kushusha na kuingia ambilansi ya pili.
(f) Kutoka kiwanja cha pili mpaka kitanda cha pili.

Andika dakika mbele ya kila kipande, ujumlishe. Halafu linganisha na barabara. Kwa Kolwezi na Lubumbashi, ndege ikiwa tayari kiwanjani na hewa ikiwa safi, safari nzima inaweza kwisha kwa masaa mawili na nusu hivi: hapo ndege inashinda kabisa. Ndege ikiwa bado iko Lubumbashi, na mawingu yakiwa meusi, barabara inaweza kushinda. Lakini barabara nayo ina mambo yake: malori mengi ya madini, giza, na kutikisika kwa mifupa. Mwenye kuamua ni munganga. Lakini munganga anaamua vizuri akiwa na vipande vyote sita mbele yake, si kimoja.

Kumbuka pia majira. Wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 4, radi zinapenda kupiga mchana na jioni. Ndege ya asubuhi ina bahati kuliko ya alasiri. Wakati wa kiangazi, moto wa pori unajaza moshi, na piloti anaweza kukosa kuona njia ya kutua. Na kiwanja kisicho na taa hakipokei ndege usiku. Kwa hiyo usiulize tu «ndege itaruka saa ngapi?» Uliza pia «jua litazama saa ngapi, na ndege itakuwa wapi wakati ule?»

5. ANGANI MWILI UNAPATA NINI?

Watu wengi wanafikiri kwamba ndani ya ndege ni kama ndani ya basi. Sivyo. Kadiri tunavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Sisi wa Katanga tunaishi tayari juu: kiwanja cha Luano kiko karibu meta 1,300 juu ya bahari, na cha Kolwezi karibu meta 1,500. Ndege kubwa za abiria zinasukumiwa hewa ndani, hata hivyo mwili wako unajisikia kama uko juu ya mlima wa meta 2,000 au zaidi kidogo. Ndege ndogo nyingi hazisukumiwi hewa. Ikipanda meta 3,000, nawe uko meta 3,000.

Mambo matatu yanatokea.

La kwanza: hewa inapanuka. Hewa iliyofungwa mahali inavimba. Ile iliyokuwa litri 5 Kolwezi inakuwa karibu litri 6 kwenye meta 3,000. Watoto wanaweza kuliona jambo hili kwa macho: pakiti ya biskuti inavimba kama tumbo la chura. Na chupa ya plastiki ukiifunga vizuri kule juu, baada ya kutua utaikuta imebonyea kama imepigwa teke. Sasa fikiri juu ya hewa iliyofungwa katika sikio lenye mafua, katika tumbo lililopasuliwa juzi, katika kifua chenye pafu lililotoboka, au ndani ya platri mpya. Nayo inapanuka hivyo hivyo, lakini pale haina nafasi.

La pili: oksijeni inapungua. Kwenye meta 3,000, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa sehemu moja juu ya sita hivi kuliko pumzi ya Kolwezi. Mtu mzima mwenye afya hasikii kitu. Lakini mwenye damu kidogo, mtoto wa SS, na mzee wetu ambaye mapafu yake yamejaa vumbi la miaka mingi ya shimo (silikozi), hao watasikia.

La tatu: baridi inaongezeka. Kila meta 1,000 unazopanda, joto linapungua kwa digri 6 na nusu hivi. Mtu aliyepoteza damu hawezi kujitia joto mwenyewe, na damu ya mtu aliyeshikwa na baridi haigandi vizuri. Kwa hiyo blanketi ni dawa. Usiisahau.

6. NANI ASIPANDE KABLA MUNGANGA HAJASEMA?

— Aliyeumia kifua, au anayepumua kwa shida. Pafu lililotoboka linapaswa kuwekewa mpira wa kutoa hewa kabla ya kuruka.
— Aliyepasuliwa tumbo, kifua au kichwa katika siku za karibuni.
— Mwenye platri ambayo haijamaliza masaa 48. Platri hiyo ipasuliwe kwa urefu wote kabla ya safari, kisha ifungwe kwa bandeji.
— Mwenye damu kidogo sana, na mgonjwa wa SS ambaye yuko katika maumivu.
— Mwenye silikozi au ugonjwa wa moyo. Kipimo kidogo cha nyumbani: kama hawezi kutembea meta 50 bila kusimama kutafuta pumzi, aonwe kwanza na munganga.
— Mwanamke mwenye mimba ya majuma 36 au zaidi. Kama ni mapacha, majuma 32. Tangu juma la 28 abebe karatasi ya munganga inayoonyesha umri wa mimba.
— Mtoto mchanga wa siku moja au mbili. Kama hakuna hatari, afadhali angojee juma moja.
— Mwenye kifua kikuu ambaye hajathibitishwa kwamba haambukizi tena. Ndani ya ndege wote wanavuta hewa moja.

Mwenye mafua mazito naye aulize. Masikio yanauma zaidi wakati wa kushuka. Meza mate, piga miayo, tafuna kitu. Mama ampe mtoto ziwa wakati ndege inaposhuka. Akinyonya, masikio yanafunguka.

7. KILA MTU NA KAZI YAKE

Mwenzake wa kazini. Ndege haisimamishi damu. Barabara haisimamishi damu. Mkono wako ndio unaosimamisha. Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunua-funua ili kuangalia. Mfupa uliovunjika uufunge kwa ubao kabla ya kumwinua mtu. Aliyezimia lakini anapumua, mlaze ubavu. Andika saa ya ajali.

Jamaa wa nyumbani. Usimpe mgonjwa chakula wala kinywaji kama anaenda kupasuliwa, hata akikuomba kwa machozi. Mletee blanketi, fishi yake, picha za radio, dawa zake za kila siku, na namba ya simu ya mtu mmoja wa jamaa aliye katika mji anakokwenda. Dawa zisiwekwe katika mzigo mkubwa, zikae mkononi. Mama, wewe unayemjua mgonjwa kuliko sisi: ukiona amebadilika, sema. Ukiambiwa «ngojea», sema mara ya pili. Hakuna munganga mwema atakayekukasirikia.

Sisi wa dispansere na hospitali. Kabla ya kutoka, tupige simu kwenye hospitali inayompokea, na tuhakikishe kwamba ambilansi ya pili itakuwa kiwanjani. Tusitoe mgonjwa kitandani mpaka tujue ndege iko wapi. Kungojea kwa kitandani, karibu na oksijeni na dawa, ni bora kuliko kungojea juani kando ya kiwanja. Platri mpya tuipasue. Kila dakika 30 tuangalie vidole: rangi, joto, kujongea, na kama anasikia tukimgusa. Tuandike.

Na kama mgonjwa mwenye platri anasema maumivu yanazidi, vidole vinakuwa baridi au vya majivu, vinakufa ganzi au havijongei, usingojee kufika. Platri ifunguliwe pale pale, iwe hospitalini, kiwanjani au ndani ya ndege. Mfupa utanyooshwa tena kesho. Nyama iliyokufa haifufuki.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

Soma pamoja na jamaa, jibu bila kutazama juu.

Swali la 1. Ndege inakwenda kilometa 240 kwa saa. Itakata njia ya Kolwezi na Lubumbashi kwa muda gani, bila kuhesabu kupanda na kutua?

Swali la 2. Mgonjwa anatoka hospitali saa 7.00. Dakika 30 mpaka kiwanja, dakika 20 kungojea, dakika 20 kupakia, dakika 60 ndege, dakika 20 kushusha, dakika 30 mpaka hospitali. Atafika saa ngapi?

Swali la 3. Baba amefungwa platri jana jioni. Leo asubuhi anapanda ndege. Ulize nini kabla hajaondoka?

Swali la 4. Uko kiwanjani na mgonjwa. Vidole vyake vimekuwa baridi. Mtu anakuambia ndege itatua baada ya dakika 10. Utafanya nini?

Majibu. La 1: saa moja kamili. La 2: dakika 180, kwa hiyo saa 10.00. La 3: «Platri imepasuliwa?», kwa sababu haijamaliza masaa 48. La 4: unaita infirmie au munganga sasa hivi, platri ifunguliwe. Zile dakika 10 ni za ndege kutua. Hesabu uone ni vipande vingapi vinabaki mpaka kitanda cha pili.

Kama swali la nne limewashinda watoto, warudishe kwenye sehemu ya tatu na ya nne. Kisha kata ukurasa huu, uubandike nyuma ya mlango, mahali mnapoweka fishi za hospitali. Vile vipande sita viandikeni kwa kalamu kubwa. Siku ya shida hakuna anayekumbuka hesabu.